Marumaru Mbili za Bwana Mkubwa

Kishindo kilitoka bafuni, kikafuatiwa na mlio wa kopo lililobingirika sakafuni mpaka likachoka lenyewe. Esperansia aliacha mwiko ndani ya ugali, akakimbia, akafika mlangoni, akashika kitasa. Hapo mkono ukaganda.

"Baba!"

Maji tu yakikimbilia kwenye tundu la kutolea.

"Baba, umeumia?"

"Usifungue!" Sauti ya Mzee Desderius ilitoka chini kabisa, usawa wa sakafu. "Nasema usifungue huo mlango!"

"Sifungui, baba."

"Unafungua. Naona kitasa kimelala."

Akakiachia kitasa kana kwamba kimemuunguza.

Wapo watu ambao wangecheka hapa. Wangeuliza: mzee wa kiharusi kaanguka, mwanamke mwenye nguvu zake yuko mlangoni, kinachomzuia ni nini? Waacheni wacheke. Watu hao hao wakiitwa na mkubwa wao wa kazi huingia kwa kunyata, kofia mkononi, na hawaoni kwamba hiyo nayo ni mila. Katika nyumba za Wahangaza wa Mbuba, mkaza mwana halitaji jina la baba mkwe wake, hakalii kigoda chake, hagusi kitanda chake. Sembuse kumwona hana nguo. Heshima hiyo haikuletwa na gari la mtu yeyote. Waliikuta, wakaitunza, na mara nyingi ndiyo mali pekee ambayo hakuna aliyekuja kuwanyang'anya.

Lakini siku hiyo heshima ilikuwa imesimama kati ya mtu aliyeanguka na mtu wa kumwinua. Danstan, mume wa Esperansia, alikuwa Nemba huko Biharamulo, akijenga ghala la mtu. Mama mkwe alikuwa kaburini, nyuma ya migomba. Francisca, binti yake na Danstan, alikuwa shule ya bweni. Alibaki jirani yao Nduwayo, ambaye tangu kiharusi kilegeze mkono na mguu wa kulia wa mzee, ndiye aliyekuwa akiitwa kumwogesha, akalipwa kwa rubisi, pombe ya ndizi, kilabuni. Asubuhi hiyo mzee alikuwa amekataa kumsubiri. Alisema ataoga mwenyewe, amekalia kiti cha plastiki. Kiti kikateleza alipotaka kusimama.

Nduwayo alikuja bila haraka, akichokonoa meno.

"Kaanguka tena fundi wetu? Haya, sabuni iko wapi?"

Esperansia alitoka nje akasimama mbali, lakini dirisha la bafu ni dogo na sauti haina heshima. "Inua mguu. Si huo! Huo mwingine! Mzee, kwani una mingapi?" Kisha maji. Kisha kicheko cha mtu mmoja.

Alipotoka, Nduwayo alijifuta mikono kwenye suruali. "Mama Francisca, ba mkwe wako mzito kama gunia la mihogo mibichi. Leo rubisi iwe ya mtungi mkubwa."

"Nitapita kilabuni kulipa," alisema Esperansia. "Asante."

Asante hiyo baadaye ilimwasha kama upupu.


Kilabu cha Mama Kanyange kilizungushiwa uzio wa matete, na mtu akija kwa njia ya shambani anasikia kabla hajaonekana. Esperansia alisikia vicheko kwanza. Kisha akasikia sauti ya Nduwayo, imelegezwa upande mmoja kama ulimi wa mtu wa kiharusi.

"'Pole pole, kijana,' ananiambia. 'Pole pole huko.' Mimi namwambia, mzee, huko ndiko kwenye kazi! Nikisugua upande huu anafumba macho kama mtoto anayekunywa kwinini. Nikisugua upande ule, anasali!"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Fundi wa bafu za wakubwa wote wa Ngara! Sasa fundi wake ni mimi. Nawaambia, nimeona kila kitu. Hakuna kitu!"

Mama Kanyange alimwona Esperansia kwenye mwanya wa uzio, akakohoa. Kikohozi hakikutosha. Esperansia alikwisha kuingia.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," wawili watatu walijibu ndani ya vikombe.

"Mama Kanyange, nimekuja kulipia rubisi ya Nduwayo. Hii ni ya leo. Kesho ajilipie."

"Mama Francisca," Nduwayo alianza, sauti yake imerudi sawa, "huu ni utani tu wa walevi."

"Utani unafanyiwa mtu aliyepo, akakujibu. Mzee hayupo. Umeuchukua mwili wake kule bafuni ukauleta hapa mezani, kila mtu auonje."

"Sasa unanifukuza?"

"Nimekufukuza."

"Basi kamwogeshe wewe!"

Kuna maneno ambayo hata rubisi haiyasafishi. Mzee mmoja pembeni aliweka kikombe chini akasema polepole, "Nduwayo, hapo umepita mpaka."

Esperansia alijifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Ataoga mwenyewe," alisema. "Amesimama."

Akatoka akitembea wima. Alipofika penye migomba ambapo hakuna wa kumwona, alisimama, akashika mgomba. Ndipo alipoelewa kwa nini mzee asubuhi ile alikataa kusubiri. Habari za kilabuni zilikuwa zimemfikia. Alikuwa amejua, na bado alikaa kimya akaogeshwa, kwa sababu sakafuni mtu hachagui mkono wa kumwinua.


"Umemfukuza Nduwayo?" Danstan aliuliza kwenye simu. "Sasa nani atamwogesha baba?"

"Tuweke chuma ukutani. Cha kushikia. Mkono wake wa kushoto una nguvu."

"Ukuta upi?"

"Wa bafuni."

Danstan alicheka kicheko cha mtu asiyefurahi. "Esperansia, mimi mwanawe wa kumzaa, nilitaka kupigilia msumari wa taulo kwenye ule ukuta, akanitoa na mwiko. Mwiko wa chuma. Subiri nije."

"Unakuja lini?"

"Lenta ya ghala ikiisha."

"Lenta inaisha lini?"

"Simenti ikija."

"Na baba aoge simenti ikija?"

Simu ikakatika, au ilikatwa.

Ukuta wenyewe, aliyeuona hakuusahau. Desderius alipanga marumaru tangu mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka na Ngara ikajaa magari meupe yenye antena ndefu. Alizipanga bafu za mameneja na za madaktari, za mapadri na za waheshimiwa. Kila kazi ilipoisha aliomba mabaki: zilizobaki, zilizovunjika pembe, vipande. Waungwana walimpa kwa mikono miwili. Wengine walimpa, kisha wakamkata kwenye ujira. Akazibeba kwa baiskeli mpaka Mbuba, akazilaza chini ya kitanda miaka na miaka, mpaka zikatosha ukuta mmoja. Nyekundu ya kituo cha mafuta ikakaa jirani na kijani ya zahanati. Ya benki, nyeusi yenye madoa, ikabanwa na njano ya nyumba ya masista. Ya bluu mkewe marehemu aliibeba mwenyewe kutoka mjini ndani ya kapu la maharage. Na usawa wa kiuno, zikiachana kidogo, ziliwekwa mbili nyeupe zenye ua la dhahabu. Wageni wa harusi ya Danstan, waliotoka mbali huko Runazi, waliomba maji ya kuoga mchana kweupe, jasho hawana, ili tu waingie humo.

Mtu mwenye ukuta kama huo hamruhusu kila mtu kuutoboa.


Duka la vifaa vya ujenzi la Biubwa lilikuwa Ngara mjini. Babu yake alitoka pwani na mzigo wa vitambaa; mjukuu aliuza misumari, na alijua kila bomba dukani kwake kwa kuligusa.

"Bomba la chuma? La maji, mwanangu?" alimuuliza Esperansia.

"Shikamoo, mama. Si la maji. La kumshika mtu."

"Marahaba. Mtu gani?"

"Ba mkwe. Bafuni."

Biubwa aliacha kupanga makopo ya rangi. Hakuuliza zaidi. Alichukua kipande cha bomba akampa mkononi. "Lishike. Usilitazame, lishike. Jembamba hili, mkono wa mgonjwa utalizunguka bila kulikamata. Chukua hili." Akaagiza likatwe, likatiwe meno ya kufungia pande zote, akatoa viungo vya kona na vitako viwili vya mviringo vyenye matundu ya skrubu. "Vitako hivi ndivyo vinavyokaa ukutani. Ukuta una nini?"

"Marumaru."

"Ah. Hapo tafuta mwenye mkono mtulivu."

Mwenye mkono alikuwa barazani pale pale, amekalia begi la vifaa. Aliitwa Methusela, na kabla hajaambiwa kitu alikwisha kusema, "Mama, hiyo kazi ni ya dakika. Nina drili yangu."

Walifika Mbuba kwa pikipiki. Esperansia alimpigia mzee magoti ukumbini, akamweleza. Mzee Desderius alitazama bomba muda mrefu. Alikuwa na wiki hajaoga ipasavyo, na alijua kwamba mkaza mwana wake anajua.

"Tundu ngapi?"

"Chache, baba. Za vitako viwili tu."

"Atoboe nitakapomwonyesha mimi."

Akainuka kwa fimbo. Lakini mguu mmoja hauendi mwendo wa miguu miwili, na Methusela alikuwa ameshaingia bafuni. Kicheko chake kilisikika kabla mzee hajafika nusu ya ukumbi.

"Mama! Huu ni ukuta au kitenge? Kwa nini tusing'oe haya marakaraka yote, tuweke tailizi za kisasa, kubwa kubwa, rangi moja, kama hotelini?"

"Kijana," mzee alisema kutoka ukumbini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hayo unayoyaita marakaraka, anza kuyang'oa kwenye ulimi wako. Na usiguse mpaka nifike."

"Mzee wangu, mimi niko kwenye hii kazi siku nyingi. Wewe kaa, upumzike."

Drili ikanguruma. Aliiweka kwenye mpigo wa kutobolea zege, akaisukuma na bega. *Ka!* Sauti kavu, ndogo. Drili ikanyamaza.

Marumaru ya bluu ilikuwa imepasuka kutoka pembe hadi pembe.

Mzee alifika mlangoni. Aliutazama ufa. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaupitisha kidole kama mtu anayefuta machozi ya mwingine.

"Umepiga penye uwazi nyuma yake," alisema.

"Ilikuwa dhaifu, mzee. Hizi za zamani..."

"Toka."

"Na nauli yangu je?"

Esperansia alimpa mkungu wa ndizi, akaufunga nyuma ya pikipiki. Hata aliyekuharibia hatoki kwako mikono mitupu. Ndivyo maskini walivyofundishwa ustaarabu, na hakuna aliyewafundisha matajiri.

Usiku mzee alisema neno moja tu kuhusu jambo hilo. "Basi. Nitajifuta na kitambaa kitandani mpaka siku ya kuoshwa na watakaonizika. Ukuta usiguswe."


Akashika neno lake. Aliwekewa beseni mlangoni mwa chumba, akajifuta alipoweza kufikia. Mkono mmoja haufiki kwingi. Jumapili hakwenda kanisani, yeye ambaye benchi la mbele lilijua umbo lake. Waliokuja kumuulizia wakaambiwa ana mafua. Watu wa kilabuni nao walipita njia ya mbele ya nyumba, wakipunguza mwendo. Mmoja alisikika akisema, kwa sauti ya kusikika, "Si alisema ataoga amesimama?"

Esperansia alivumilia hayo. Kilichomshinda kilikuwa kidogo zaidi. Asubuhi moja alikuwa jikoni nje, akipuliza moto, akamwona mzee akikisukuma kigoda chake kwa fimbo, hatua kwa hatua, kutoka mahali pake pa siku zote mbele ya nyumba mpaka ng'ambo ya ua. Alifikiri anatafuta jua. Lakini kule hakukuwa na jua. Kisha upepo ukageuka, na mzee akainuka tena, kwa taabu ile ile, akakihamisha tena kigoda.

Alikuwa anafuata upepo ili harufu yake isimfikie mkaza mwana.

Esperansia aliacha moto. Hakulia, hasira ilikuwa imewahi. Aliingia ndani, akavuta sanduku la vifaa vya mzee kutoka chini ya benchi, sanduku ambalo hakuwahi kulifungua tangu aolewe, akalifungua. Hakuwa mgeni wa vitu hivyo. Kabla ya ndoa alikuwa fundi saidia, akipanda ngazi na karai la zege kichwani kwenye majengo ya Ngara. Huko ndiko Danstan alikomwona, akasahau kuweka tofali. Alizipita pimamaji na mwiko, akachukua nyundo ndogo na tupa kuukuu iliyonolewa ncha mpaka ikawa kama jino la panya. Hiyo ndiyo drili ya zamani ya mzee. Alitobolea kabla umeme haujafika Mbuba.

Akaingia bafuni, akaanza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Nyekundu ya kituo cha mafuta: ikalia *po*. Kijani: *po*. Ya benki: *po*, kama mtungi mtupu. Alishuka safu kwa safu, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Zote nyuma zilikuwa na uwazi. Mpaka alipofika usawa wa kiuno, akagonga ile nyeupe ya ua la dhahabu. Haikulia. Akagonga pacha wake. Naye bubu.

"Nani anagonga ukuta wangu?"

Mzee alikuwa ukumbini, ameegemea ukuta, anahema.

"Mimi, baba."

"Hicho ulichoshika ni nini?"

"Tupa yako."

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

"Irudishe, utoke humo."

"Sitoki."

Tangu nyumba hiyo iezekwe hakuna mtu aliyemwambia Desderius neno hilo. Esperansia alikuwa ameupa mlango mgongo, uso ukutani, maana kumwambia akimtazama asingeweza.

"Baba, wote hawa," alisema, na kiganja chake kikapita juu ya rangi, "wa mafuta, wa benki, masista, madaktari, wote uliwajengea wakaoga wamesimama. Mpaka leo wanaoga wamesimama. Na wewe uoge umelala, kwa kitambaa? Bafu zote ulizozipanga zina watu. Yako tu ndiyo imekuwa ya maonyesho."

Kuku aliingia ukumbini, akatazama, akatoka.

"Umegonga zipi?" mzee aliuliza mwishowe.

"Zote. Zote zinalia. Isipokuwa hizi za ua. Hizi ni bubu."

Ndipo aliposikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu kiharusi. Mzee alikuwa anacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilitosha.

"Bubu, ego," alisema, akikubali kwa Kihangaza chake. "Hizo lazima ziwe bubu. Niletee kigoda."

Alimletea kwa ncha za vidole, akakiweka nje ya mlango wa bafu. Mzee akakaa, naye ameugeuzia mlango ubavu. Wakazungumza hivyo, kila mmoja akitazama ukuta wake.

"Kuna Bwana Mkubwa mmoja. Jina sikutajii, yeye hakuwahi kulijua langu. Nilimpangia bafu na choo, nikamaliza Jumamosi, hata tundu la sindano hukuti. Tumbo likanikaza. Nikamwomba: mzee, naomba choo. Akaniambia, 'Fundi, huku ni kwangu. Migomba iko nje.'"

"Choo ulichokipanga wewe?"

"Simenti yake ilikuwa bado kwenye kucha zangu. Nikaenda migombani. Nimerudi kuchukua vifaa, namkuta anamwagiza dada wa kazi amwage dawa ya kusafishia mlangoni pale niliposimama nikiomba. Nikamwomba mabaki. Akanipa hizo mbili. Akasema, 'Kapambie sebule.'" Mzee akaigeuza fimbo mkononi. "Nilipopanga ukuta huu simenti ilikuwa haba. Hizi nyingine zote niliziwekea madonge, kwenye pembe na katikati. Nyumba za watu nilijaza. Yangu niliweka madonge. Lakini hizo mbili nilijaza mgongo mzima, nikazishindilia. Nilitaka nyumba ikianguka, hizo zibaki zimesimama, watu waulize ni za nani."

"Na kwa nini usawa wa kiuno, baba? Si ungeziweka juu, zionekane?"

Mzee alikohoa. Akakohoa tena.

"Hiyo siwezi kumwambia mke wa mwanangu."

Esperansia alijiziba mdomo kwa kanga. Mama mkwe alikuwa amemweleza zamani, wakipepeta mahindi, huku akicheka mpaka ungo ukamponyoka: kwamba kila asubuhi, akioga, mzee wake alihakikisha anampa Bwana Mkubwa mgongo, na si mgongo wa juu.

"Toboa hizo," alisema mzee. "Zote mbili."

"Zikipasuka?"

"Hazipasuki. Mimi ndiye niliyezikasirikia."


Kazi ilikula siku. Alianza kwa kudonoa, tupa imesimama wima, nyundo ikigusa tu kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa, mpaka ule ung'avu wa juu ukatoka kama unga. Kisha akazungusha. Akatia maji, akazungusha tena. Kifundo cha mkono kikawaka, akabadili mkono. Mzee alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, macho amefumba, anafuata kwa masikio.

"Unaharakisha."

"Siharakishi."

"Unaharakisha. Unamwaza Nduwayo."

Kweli alikuwa anamwaza. Akapunguza.

Unga mweupe uliisha, ukaja wa kijivu wa simenti, mwingi, bila uwazi hata kidogo. Halafu ukaja mwekundu. "Tofali hilo," alisema mzee kabla hajaambiwa. "Nimelisikia." Simu ya Danstan iliita kwenye dirisha, ikaita, ikachoka. Alipomaliza matundu ya kitako cha kwanza aliyajaza vidude vya plastiki vya kukamatia skrubu, akahamia kwenye pacha wake. Mbuzi walirudi kwenye banda. Ua la dhahabu lilikuwa limefunikwa na chuma, petali mbili tatu zikichungulia pembeni.

Akakaza skrubu ya mwisho. Akalishika bomba kwa mikono yote, akakunja miguu.

"Unafanya nini humo?" mzee aliuliza. "Mbona kimya?"

"Nimening'inia."

"Wewe mzima?"

"Mzima, baba. Pamoja na ugali wa mchana."

Kigoda kilikwaruza sakafu. Mzee alikuwa anasimama.

"Na ya bluu?" Esperansia aliuliza. "Niizibe ufa?"

"Iache. Mwenye nayo alinipenda na nyufa zangu."


Asubuhi Esperansia aliteka maji, akajaza ndoo, akaweka sabuni na kopo, akatundika shati la Jumapili kwenye msumari wa mlangoni. Kisha akatoka akakaa ukumbini, mbali kidogo, akachambua maharage kwenye ungo. Mlango ukafungwa kwa ndani. Komeo lenyewe lilichukua muda.

Nduwayo alitokea kwenye mlango wa mbele, kofia mkononi, macho mekundu.

"Hodi, Mama Francisca. Nimesema nipite. Watu wazima hukosana, husameheana. Mzee hawezi kukaa hivyo. Nimekuja kumwogesha. Hata rubisi sitaki."

"Karibu ukae."

"Nani yuko bafuni?"

"Baba."

"Na nani?"

Kabla hajajibu, kitu kilianguka bafuni. Kopo. Likagonga sakafu, likabingirika, likaenda likienda, mpaka likachoka lenyewe.

Nduwayo aliruka. "Kaanguka! Unaona? Kaanguka!"

"Kaa chini."

"Mwanamke, mzee kaanguka humo!"

"Nimesema kaa, Nduwayo."

Vidole vyake vilikuwa vimezama ndani ya maharage mpaka kwenye kifundo. Hakutazama kitasa. Mara hii hakukigusa.

Nduwayo alibaki nusu amesimama, nusu amekaa. "Lakini umemwachia nani? Nani anamshika?"

"Bwana Mkubwa."

"Bwana Mkubwa gani?"

"Yule aliyemtuma migombani. Yuko humo tangu asubuhi. Amemshika kiunoni."

Ndani, chuma kililia kidogo, mlio wa kitu kinachopokea uzito na kuukubali. Pumzi ndefu ya mzee ikashuka, ikashuka zaidi, kama ya mtu anayeinama. Bati la kopo likakwaruza sakafu. Chuma kikalia tena, na ile pumzi ikapanda.

Kisha maji yakamwagika kutoka juu, mengi, kwa kishindo, maji ya mtu aliyesimama.